Kadodi ya kukodi

Malalamiko ni yale yale kila mwaka wa imbalu, jando la Wagisu wa mashariki mwa Uganda, ukikaribia, na siku hizi hata mwaka usio wa imbalu: ati kadodi imeuzwa. Ati ngoma ya Wagisu imekuwa ya kila mwenye hela, inapigwa kwa mkutano wa mbunge, inapigwa kwa graduesheni, kampuni ikizindua ofa yake inapakia spika kwa lori na vijana wa kadodi wanatangulia mbele mtaa mzima, hadi harusi za watu ambao hawajawahi hata kupita Mbale kwa basi. Wazee wanalia, watu wa redio wanaongeza chumvi, alafu anatokea mtu mtandaoni anasema bana tuacheni, utamaduni lazima usonge na wakati, na mjadala unaishia hapo, kila mtu anaenda kulala akijiona ameshinda.

Mi naona pande zote mbili zimeruka swali lenyewe. Kusonga, utamaduni umesonga siku zote, hilo halina ubishi, hata kanzu tunayovaa kwa kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba, tukajiona tumevaa asili ilifika Buganda na wafanyabiashara wa Pwani karne ya 19, na gomesi, lile gauni la wanawake, inatoka kwa fundi Mgoa mwanzoni mwa karne ya 20, nenda kamwambie shangazi yeyote wa Kiganda kwamba gomesi si ya kwao uone utakavyorudi. Hiyo tuiache. Ninachotaka tukishike ni hiki: ngoma ikiitwa mahali, nani ana uwezo wa kusema leo hapana?

Tuanze na imbalu yenyewe. Jando la Wagisu linafanyika mwaka wa shufwa tu, 2018, 2022, 2024, hivyo hivyo, linafunguliwa Agosti pale Mutoto karibu na mji wa Mbale, alafu linasambaa ukoo kwa ukoo kwenye miteremko ya Elgon, mlima ambao wenyewe wanauita Masaba. Kijana anatangaza mwenyewe kwamba yuko tayari, anazungushwa siku kadhaa kwa wajomba na mashangazi, anapakwa unga na chachu ya pombe, anacheza mbele ya watu wanamtunza kuku, hela, wengine mbuzi, na siku yenyewe anasimama wima mbele ya ngariba na umati wote unamwangalia kama atapepesa jicho. Kadodi ndo inamsindikiza. Zile ngoma wanazotundika shingoni na mdundo ule wa kusukuma miguu mbele, ni ngoma ya njiani, ya kwenda kwa mjomba na kurudi.

Ndani ya mpango huo ngoma ina wenyewe na ina msimu wake. Kama hakuna kijana wa kutahiriwa, kadodi inapigwa ya nini? Hata uwe na ng'ombe wangapi, hukuwa na namna ya kuiita kwa sababu tu umejisikia. Na huko kutoitika ndo kulikuwa kunaipa uzito, watu walikuwa wakiisikia kwa mbali wanajua kuna mtu anakwenda kuwa mwanaume, hawaulizi mara mbili. Sasa hivi ukiisikia barabarani Kampala inabidi uchungulie dirishani ujue ni mgombea au ni sabuni.

Kampeni hasa hazijui shufwa wala witri. Uchaguzi wetu unakuja kila miaka mitano, ule wa Februari 2016 kampeni zake zilianza 2015, mwaka wa witri kabisa, na wanasiasa wa upande wa mashariki hawakungoja Mutoto ifunguliwe ndo watafute ngoma. Mgombea anataka kelele, kelele iko Namatala, mtaa wa Mbale, mnapatana bei kwa simu, nauli, chakula, hela kidogo ya kutangulia inaingia kwa mobile money, kesho yake vijana wako barabarani na tisheti za njano, na wiki inayofuata wanaweza kuwa na tisheti za rangi nyingine. Sisemi hivyo kuwadharau. Wale ni vijana wanaofanya kazi, wanalipa kodi ya nyumba na karo za watoto kwa mikono yao, na mtu anayewaambia waache apeleke yeye mchele kwao.

Lakini kabla hatujasema soko limeiua ngoma, angalia ngoma ambayo soko halikuigusa. Basoga, watu wa Busoga, walikuwa na bigwala, tarumbeta za vibuyu virefu, kila moja inatoa sauti moja tu kwa hiyo lazima watu watano au zaidi wapulize kwa zamu ili wimbo utoke. Hizo zilikuwa za ufalme, zilipulizwa kwenye mambo ya kifalme, kutawazwa, mazishi, na mwenye uwezo wa kuziita alikuwa mmoja. Falme zilipofutwa mwaka 1967 yule mmoja akaondoka, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na sababu wala ruhusa ya kuzilisha. Busoga ilipata tena Kyabazinga, mfalme wao, miaka ya 90 lakini hadi UNESCO inaiweka bigwala kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka, 2012, wazee waliokuwa wanajua kuzitengeneza na kuzipuliza na kuzichezea walikuwa wamebaki wanne tu. Wanne! Baadaye James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo na wenzake wakaanza kuwakusanya vijana wafundishwe, kazi nzuri, ila fikiria, ngoma yenye heshima ya ikulu ilikaribia kuisha kimya kimya wakati kadodi inayotukanwa kila siku inapigwa hadi Kabale, kusini magharibi kabisa.

Kwa hiyo ile ngoma iliyokuwa na uwezo mkubwa kabisa wa kukataa ndo ilikuwa ya kwanza kukaribia kukata roho. Hilo wazee wangu wa Bugisu inabidi walimeze kwanza kabla hatujaendelea.

Buganda hadithi inafanana kidogo. Wanamuziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, walikuwa na zamu zao ikulu, wengine walitoka vijiji vyenye ardhi iliyotolewa kwa kazi hiyo hiyo ya kupiga, yaani mshahara wao ulikuwa shamba. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Rais Obote likavamia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo, Kabaka Mutesa akatoroka, akafia London 1969, na wapigaji wakabaki na ujuzi bila mwajiri. Waliookoka ni wale waliokuwa wameshapata mlango mwingine mapema. Evaristo Muyinda kwa mfano, mpiga amadinda, ile marimba ya mbao, wa ikulu, alikuwa ameshazoea kupiga na kufundisha kwenye jumba la makumbusho Kampala, akaingia na kikundi cha taifa cha Heartbeat of Africa ambacho serikali ilikianzisha baada ya uhuru kizunguke dunia kuonyesha Uganda inacheza. Umeona mchezo? Serikali ile ile iliyovunja nyumba ya ngoma ilikuwa na kikundi cha ngoma. Haikuwa na shida na mdundo, shida yake ilikuwa ni nani mwenye mdundo. Na leo pale pale Lubiri, kila mwisho wa mwaka redio ya ufalme, CBS, inafanya tamasha la Enkuuka, wasanii wa kisasa mmoja baada ya mwingine hadi asubuhi, watu wanalipa getini. Ufalme uliorudi 1993 umejifunza kwamba ukitaka ngoma yako iishi uza tiketi, na mi siwalaumu hata kidogo.

Kaskazini ndo utaona kitu kingine. Waacholi wana larakaraka, ngoma ya vijana kutongozana na ya harusi, wanapiga vipande vya vibuyu kwa spoki za baiskeli, ndio, spoki za baiskeli, na hakuna aliyewahi kuwaambia hiyo si asili. Vita vya waasi wa Kony vikaja, watu zaidi ya milioni 1 wakasukumwa kambini, na kambini unatoa wapi kikundi kizima cha wachezaji, unawalisha nini, uwanja uko wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 pale Gulu watu kama Otim Alpha na prodyusa Leo Palayeng wakaanza kuuingiza ule mdundo kwenye kompyuta, mtu mmoja na kibodi anafanya kazi ya watu thelathini, harusi inachezwa. Watu wa nje wakausikia baadaye sana, lebo ya Nyege Nyege Tapes ikatoa albamu ya Otim Alpha 2017 na sasa inachezwa klabu za Ulaya na vijana ambao hawajui Gulu iko wapi. Kinachonivutia hapo si Ulaya. Ni kwamba ule mziki wa kompyuta ulizaliwa kwa sababu harusi haikutaka kusubiri, wenye shughuli walikuwa wenyewe, maskini, wakapunguza gharama lakini wakabaki na shughuli yao. Mashine iliingia ndani ya harusi ya Waacholi. Kadodi yenyewe ilitolewa nje ya imbalu ikaenda kutafuta kazi. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu wanayaita jina moja, "kisasa".

Alafu kuna shule. Tunasahau kwamba mwajiri mkubwa wa ngoma za asili Uganda huenda sio hoteli wala siasa, ni mashindano ya muziki ya shule. Watoto wa Kampala wanacheza bwola, ngoma ambayo Uacholi ni ya rwot, ya chifu, huiiti tu, na wao wanaicheza wiki hii, wiki ijayo runyege ya Watooro, kesho kutwa akogo ya Iteso, mwalimu wa kukodi anatoka shule moja anakimbilia nyingine na ngoma kwenye boda. Majaji wanakaa na karatasi, maksi za mavazi, maksi za mpangilio, maksi za tabasamu, na mada ya mwaka huo inatoka juu, afya, mazingira, umoja wa taifa. Mi nimependa sana hayo mashindano, mtoto wa Kiganda anayejua kushika ngoma ya Kiacholi ni kitu kizuri kwenye nchi yenye historia kama yetu. Ila angalia kinachofundishwa, ni dakika chache za mwisho. Hatua za miguu. Kwa nini inachezwa, nani anaruhusiwa kuianza, inasimama lini, hivyo havina maksi.

Na hapo ndo nilipokuwa napelekea. Pesa ikija kwa utamaduni inanunua kile kipande kinachoweza kupakiwa kwa gari. Imbalu haikuwa kadodi peke yake. Kuna isonja, vijana wanaokaribia jando wanajifunza kucheza na kuimba pamoja miezi kabla, wanazoezwa uvumilivu na kuambiwa wao ni nani. Kuna namyenya, yule mwimbishaji, anayebeba nyimbo, anayejua hadithi ya Masaba, babu wa Wagisu, na mkewe Nabarwa na jinsi kisu kilivyoingia kwenye ukoo. Kuna inemba baada ya vidonda kupona, ya kufunga kazi na kumpokea mtu mzima. Niambie lini umeona kampuni imekodi inemba. Niambie ni mbunge gani amempigia namyenya simu aje aimbe pole pole juu ya lori. Haiwezekani, haina kelele, haina viuno, inahitaji watu wanaoelewa maneno na wenye muda. Kwa hiyo kadodi inanenepa, zile nyingine zinakonda, na kwa macho ya mtu wa Kampala utamaduni wa Wagisu una afya tele maana anausikia kila Jumamosi.

Huku kwetu sisi wa Kiswahili tunaijua hali hiyo vizuri. Kiswahili Uganda hakina ukoo, hakina mzee wa kumkatalia mtu. Kilikuja na misafara, kikakaa kambi za askari na polisi, Amin akakitangaza lugha ya taifa 1973, watu wakakichukia kwa sababu waliokisema kwenye vizuizi vya barabarani walikuwa na bunduki. Kilichokipunguzia ubaya si serikali, ingawa Katiba ilirekebishwa 2005 kikawa lugha rasmi ya pili na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima. Ni muziki. Msanii Chameleone alianzia Nairobi akarudi na nyimbo za Kiswahili, wanawake wa sokoni Owino ambao hawangekujibu salamu ya Kiswahili wakawa wanaimba, alafu bongo fleva ikaingia ikamaliza kazi. Leo vijana wa Kampala wanaimba Kiswahili vizuri sana na ukiwauliza sentensi ya pili hawana. Wanacho kipande cha lori. Walimu wa kukifundisha bado tunawahesabu kwa vidole miaka yote hii, kwa sababu ni hivyo hivyo, onyesho lina mteja na darasa halina.

Kuna atakayeniambia hata wasanii wakubwa hawana uwezo wa kukataa, nikumbuke ule wimbo wa 2015 ambao mastaa karibu wote wa mjini waliimba pamoja kumuunga mkono Rais Museveni. Nakumbuka. Nakumbuka pia mwimbaji Bobi Wine alikataa, na mashabiki wakawakasirikia walioimba kwa muda mrefu. Staa ana mashabiki wanaoweza kumnunia, hao ndo ukoo wake. Akikataa analipa, Bobi Wine baada ya kuingia bungeni 2017 polisi walizuia matamasha yake mara ngapi, lakini kukataa kwake kulikuwa na maana kwa sababu kulikuwa na watu nyuma yake wanaojali kama ameimba au hakuimba. Kijana wa kadodi akikataa kazi ya mgombea nani atajua? Kikundi kingine kiko pale pale stendi. Hana shabiki kwa jina lake, watu wanapenda mdundo, hawamjui yeye. Kwa hilo msanii wa pop ana uhuru kuliko mpiga ngoma ya mababu, jambo ambalo ukilisema kwenye kikao cha utamaduni watu wanakuangalia vibaya.

Ndo maana malalamiko ya wazee yananichosha yakifika kwenye viuno. Kila mara ni hapo tu, wanawake wanajifunga sweta kiunoni wanakatika sana, ni aibu, ngoma imechafuliwa. Wanawake wamekatika kwenye kadodi tangu tumezaliwa. Kukemea mwanamke ni rahisi, hana kampuni nyuma yake wala kadi ya chama. Kumwambia mwenye lori kwamba mwaka huu Agosti hamtachukua vijana wetu, hiyo ni kazi ngumu, na ndo kazi ambayo viongozi wa Inzu ya Masaba, taasisi ya utamaduni ya Wagisu, wangepaswa kuwa nayo mezani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sasa hivi mcheza kwao anapewa pombe ya kienyeji na ahadi, akicheza Ntinda, Kampala, analipwa kwa simu kabla hajavua ngoma.

Mwenzangu mmoja ana wazo kwamba vikundi visajiliwe, kila anayekodi alipe asilimia fulani iende kwenye mfuko wa utamaduni. Mi na mifuko ya nchi hii hatujuani vizuri, najua mfuko ukifunguliwa gari la mwenyekiti linakuja kabla ya namyenya. Heri vikundi vyenyewe vikubaliane, hata vitano tu vya Mbale mjini, kwamba Agosti ya mwaka wa shufwa bei ya nje inapanda mara mbili, kisha nusu ya ile nyongeza inabaki kijijini kwa wanaofundisha isonja, mkononi, bila ofisi. Mteja wa Kampala atanung'unika lakini atalipa, maana tarehe ya harusi haisogei.

Kwa sababu hali ilivyo, kijana ana ngoma moja na simu mbili zinamwita wikendi ile ile, moja ya mjomba wake kule Bududa, Bugisu, ambaye mtoto wake anasimama kwa kisu Jumamosi, na nyingine ya mpanga sherehe aliyeshatuma hela ya kutangulia. Huyo kijana akipanda basi la Kampala siwezi kumlaumu, na wewe ungepanda. Wazee wakikaa tena kikao chao cha maadili, waanze na nauli ya huyo kurudi Bududa, viuno tutavijadili jioni muda ukibaki.